Wa Kumi na Tisa

"Hongera, umefaulu usaili," waliandika,
mstari mmoja mzuri, halafu mkato, halafu lakini.
Mimi ni wa kumi na tisa kwenye orodha.
Nafasi zikitokea wataita kwa zamu,
na zamu, hapa Letterkenny,
hutembea kama ng'ombe aliyeshiba.

Hiyo ilikuwa Februari, theluji bado mabegani mwa vilima.
Sasa ni Juni. Jua halikubali kuchwa mpaka saa nne za usiku:
mchana mrefu,
mrefu hasa kwa anayetazama simu.

Nauza petroli barabara ya Derry, usiku kucha.
Nauza soseji, maua yaliyochoka,
kadi za kuwatakia wagonjwa afueni.
Chini ya kaunta simu imelala kifudifudi
kama mtoto nisiyetaka kumwamsha
na ninayeomba aamke.

Baba yangu, Packie McGinley, alikuwa tarishi
miaka thelathini na mmoja. Anajua kila lango hadi Glenswilly,
kila mbwa kwa jina.
Nimemweleza: siku hizi habari huja kwa simu, Baba.
Hunitazama kana kwamba nimesema mvua huja kwa bahasha.
"Kazi ya serikali huja na muhuri."
Na kila asubuhi, saa tano kasoro robo,
amekwisha kunyoa, amevaa tai, yuko mlangoni
kumngoja kijana aliyerithi njia yake.
Kijana humkabidhi bili ya umeme
kwa heshima zote.

Subira huvuta heri, tumeambiwa.
Hatukuambiwa kamba ina urefu gani,
wala nani ameshika ncha ya pili.

Nakiri jambo: nimeanza kuwaombea nisiowajua.
Wa kumi na nane apendwe na mtu wa Australia,
aende huko, asirudi.
Wa kumi na saba arithi shamba la shangazi.
Wa kumi na sita, sijui kwa nini, namwona:
mwanamke wa umri wangu,
koti lake la usaili la kuazima kama langu.
Huyo nakosa la kumwombea. Namruka.
Na yupo wa ishirini mahali fulani, Buncrana labda,
usiku huu amepiga magoti
akiniombea bahati njema iliyo mbali.

Walikuwa watatu mezani. Mmoja aliuliza:
tupe mfano wa mteja mwenye hasira.
Niliwapa Mzee Harkin, aliyejaza dizeli kwenye gari la petroli
akanilaumu mimi, akailaumu serikali,
akamlaumu marehemu mkewe,
na jinsi nilivyompa kiti na chai
mpaka akalia, kwa sababu ya tatu.
Yule wa katikati aliacha kuandika.
Kalamu ile iliyosimama
ndiyo ninayoiegemea saa tisa za usiku
pampu zote zikiwa kimya.

Nilinunua blauzi ya ofisini, samawati.
Lebo sijaikata. Dukani wanapokea ikirudishwa
ndani ya siku ishirini na nane.
Leo ni ya ishirini na saba.

Nimerudi asubuhi nanuka petroli
nikamkuta Baba ameipiga pasi,
lebo nayo; bei imenyooka kabisa.
"Barua niliyoichelewesha kuliko zote," akasema,
"ilikaa miezi saba chini ya kiti cha gari.
Nikaipeleka. Mwenyewe alikuwa ameshahama.
Lakini ilifika."

Sijui kama hiyo ilikuwa faraja.
Gari la posta linapanda mlima, nalisikia likibadili gia.
Mkasi uko kwenye droo.
Baba amenyoosha tai yake, halafu, bila kugeuka,
amesogea kidogo mlangoni
nipate pa kusimama.